Uyoga wa porini husomwa kuanzia chini

Anayepita njia ya msituni siku chache baada ya mvua huiona kofia kwanza. Kofia ndiyo yenye rangi na ndiyo inayovuta jicho, lakini pia ndiyo inayopotosha zaidi. Rangi yake hupauka juani na kuoshwa na mvua, na hugeuka kadiri uyoga unavyozeeka. Uyoga miwili ya aina moja, iliyoota hatua kumi tu kutoka kwa mwenzake, unaweza kuonekana kama aina mbili tofauti. Sehemu yenye habari za uhakika zaidi mara nyingi imefukiwa udongoni. Ni kitako cha shina, na ndicho ambacho wengi hukiacha ardhini wanapokata kwa kisu juu juu au kung'oa kwa haraka.

Umuhimu wa kitako unaonekana vizuri kwa Amanita phalloides, uyoga uliosababisha vifo vingi kuliko mwingine wowote duniani. Kwa macho hauna baya. Kofia yake ni laini, yenye upana wa sentimita 5 hadi 15, ya kijani cha zeituni, njano iliyofifia au hata nyeupe. Shina ni jeupe na lina pete ya utando. Harufu yake, ukiwa bado mbichi, haikirihi, na waliokula wakanusurika wamesema ulikuwa mtamu. Anayeishia kutazama juu ya ardhi hana cha kumshtua. Ukifukua kitako chake, utakuta shina limekaa ndani ya kifuko cheupe kilicholegea, chenye kingo zilizochanika. Hiyo ndiyo alama ya kumfanya mtu asimame.

Kifuko hicho kinatokana na jinsi uyoga wa jenasi ya Amanita, yaani kundi la aina zinazokaribiana, unavyokua. Ukiwa mchanga huwa umefunikwa wote na utando, una umbo la yai na umejificha nusu udongoni. Shina linaporefuka, utando hupasuka. Sehemu ya chini hubaki kuzunguka kitako na kuwa kifuko, na vipande vya juu huweza kubaki kwenye kofia vikawa vigaga vyeupe. Kuna utando wa pili uliofunika sehemu ya chini ya kofia. Huo ukichanika hubaki shinani kama pete. Ukiujua mwenendo huu, utaelewa kwa nini kukosekana kwa vigaga au pete hakuthibitishi lolote. Mvua moja kubwa huosha vigaga vyote, na pete huchakaa na kudondoka. Kifuko nacho huweza kuwa kimemeng'enyeka ukifukua uyoga uliozeeka. Ndiyo maana uyoga mmoja hautoshi. Tafuta mitatu au minne ya rika tofauti, kuanzia ule ambao haujafunguka hadi ule uliokwisha kutanuka.

Namna ya kuufukua ni rahisi. Chomeka kisu au mwiko mdogo sentimita 4 hivi kutoka kwenye shina, ushuke sentimita 8 hadi 10, kisha uinue uyoga pamoja na udongo wake. Ondoa udongo polepole kwa vidole au brashi laini, maana kifuko huchanika kirahisi na kubaki kwenye bonge la udongo. Baadaye fukia shimo na urudishe majani yaliyooza juu yake. Wapo wanaohofia kwamba kung'oa kunaua kuvu iliyo chini. Uyoga tunaouona ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni mtandao wa nyuzi nyembamba zilizoenea udongoni au ndani ya mti. Utafiti wa miaka 29 uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 2006 haukuona mavuno ya baadaye yakipungua, si kwa kukata wala kwa kung'oa. Kilichopunguza idadi ya uyoga ni ardhi kukanyagwakanyagwa. Kwa hiyo ogopa zaidi miguu yako kuliko kisu chako, na kabla ya kuchuma chochote hakikisha sheria za msitu au hifadhi hiyo zinaruhusu.

Ulipoota ni sehemu ya jina lake

Kabla ya kuung'oa, andika umeota juu ya nini. Kuna unaokula mti uliokufa, unaoota kwenye samadi, na unaoota juu ya vichuguu. Kundi kubwa huishi kwa ushirika na mizizi ya miti iliyo hai: kuvu huupa mti maji na madini, na mti huipa kuvu sukari. Uyoga wa kundi hilo hauoti mbali na mti wake mwenza. Ukiandika tu "nimeuona chini ya mti", hujaandika kitu. Andika ni mti gani.

Hapa kuna mtego wa kawaida. Uyoga unaoonekana kuota kwenye udongo mtupu huenda umetokea kwenye mzizi au kipande cha mti kilichozikwa. Chimba uone. Kwa uyoga wa jenasi ya Termitomyces, unaopatikana Afrika na Asia, kuchimba ndiko kunakokata shauri. Kwa aina zake nyingi shina huendelea chini kwa mkia mrefu unaofika hadi kwenye kiota cha mchwa, kwa sababu mchwa hao ndio wanaoikuza kuvu hiyo kwa chakula chao. Mkia ukiishia sentimita chache tu chini, bila dalili ya kiota, usiuite uyoga wa mchwa. Zambia kuna aina iitwayo Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake hufikia karibu mita moja kwa upana.

Ushirika na miti ndio pia unaoeleza jinsi Amanita phalloides ulivyosafiri. Asili yake ni Ulaya, ambako huota na mialoni na miti mingine. Miche ilipopelekwa Amerika Kaskazini, Australia na Afrika Kusini ikiwa na udongo kwenye mizizi, kuvu ilikwenda nayo. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuujua vizuri uyoga wa kwao na bado maarifa hayo yakamponza ugenini. Wahamiaji kutoka kusini mashariki mwa Asia wamewahi kudhurika Marekani kwa sababu waliuona Amanita phalloides wakadhani ni Volvariella volvacea, uyoga unaolika waliouzoea tangu utotoni. Yote miwili huanza na umbo la yai, na yote miwili ina kifuko. Tofauti ziko kwingine. Volvariella hauna pete, matamvua yake (vipande vyembamba vilivyo chini ya kofia) hugeuka kuwa ya waridi ukikomaa, na huota kwenye mabua yanayooza, si kwa ushirika na miti. Desemba 2016, watu 14 walipata sumu ya Amanita phalloides jimboni California. Hakuna aliyefariki, lakini watatu walilazimika kupandikizwa ini.

Pindua kofia

Sasa tazama chini ya kofia. Utakuta moja kati ya mambo manne: matamvua, yaani vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, vitundu vidogo vingi, miiba laini inayoning'inia, au mikunjo isiyotengana na nyama ya kofia. Kwa uyoga wenye matamvua, chunguza yanavyokutana na shina. Yanaweza kuishia kabla ya kulifikia, yakaligusa, au yakateremka juu yake. Tofauti hiyo hutenganisha makundi mazima, na ni rahisi kuiona ukipasua uyoga katikati kwa urefu, kutoka kofia hadi kitako.

Mkanganyiko kati ya matamvua na mikunjo ndio unaowaponza wanaotafuta uyoga wa jenasi ya Cantharellus, wa rangi ya njano ya yai na harufu ya tunda. Uyoga wenye sumu wa jenasi ya Omphalotus una rangi ya kukaribiana nao. Shika mmoja na upitishe ukucha chini ya kofia. Kwa Cantharellus utahisi matuta butu yanayogawanyika na kuunganika tena, na huwezi kuyabandua bila kung'oa nyama ya kofia. Kwa Omphalotus utakuta matamvua ya kweli, makali, yanayoachana moja moja. Chana nyama: ya Cantharellus kwa kawaida imepauka kuliko ngozi ya nje, ya Omphalotus ni ya machungwa hadi ndani. Halafu angalia ulivyoota. Omphalotus hutoka kwenye mti, kwa kawaida mashina mengi yakiwa yameungana chini, ilhali Cantharellus hutoka udongoni mmoja mmoja au kwa makundi yaliyotawanyika. Dalili hizo zote zikikubaliana, una jibu. Moja ikikataa, huna jibu, hata kama tatu zimekubali. Watu wengi hushindwa hapo: wakishapata dalili wanayoitamani, huanza kuitetea badala ya kuijaribu.

Dalili zinazojitokeza ukigusa au kunusa nazo zina uzito. Kwaruza ngozi ya kofia na ya kitako, subiri nusu dakika, uone kama rangi inabadilika. Agaricus xanthodermus hufanana na uyoga unaolika wa jenasi hiyohiyo ya Agaricus, na huumiza tumbo. Ukiukwaruza kitakoni hugeuka njano kali papo hapo na kutoa harufu ya wino au dawa ya kusafishia. Ukikwaruza kofia peke yake unaweza kukosa jibu la wazi. Uyoga wa Lactarius hutoa utomvu ukikatwa, na rangi ya utomvu huo husaidia kuutaja. Wa Russula hautoi utomvu, na shina lake hukatika ghafla bila kuacha nyuzi. Kuhusu kuonja: wataalamu huonja vipande vidogo vya Russula na kuvitema, lakini hufanya hivyo wakiwa wameshajua kwamba ni Russula. Anayejifunza aache. Kuugusa uyoga, hata Amanita phalloides, hakukupi sumu. Sumu yake haidhuru mpaka imezwe.

Uyoga wa mviringo usio na kofia wala shina hukaguliwa kwa kisu. Ukate katikati kutoka juu hadi chini, kila mmoja, hata kama ni hamsini. Unaolika unapaswa kuwa mweupe ndani kote, bila mchoro wowote. Ukiona umbo la kofia na shina limechoreka ndani, umeshika uyoga mwingine ambao haujafunguka, na huenda ni Amanita. Ndani kukiwa na zambarau iliyokolea au weusi, ama ni Scleroderma, wenye sumu, ama umepitwa na wakati.

Chapa ya spora

Kipimo kimoja hakifanyiki njiani, na ndicho kinachorukwa zaidi. Spora ni mbegu za uyoga. Moja haionekani kwa jicho, lakini nyingi zikikusanyika huonyesha rangi yake. Rangi ya matamvua haikuonyeshi rangi hiyo kwa uhakika.

Chagua kofia iliyofunguka lakini haijaanza kunyauka. Kata shina usawa na matamvua. Weka kofia, matamvua yakitazama chini, juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu ni nyeusi. Rangi hizo mbili zinahitajika kwa sababu spora nyeupe hazionekani kwenye karatasi nyeupe. Kipande cha kioo ni bora zaidi, kwa kuwa unaweza kukiweka juu ya rangi yoyote baadaye. Dondoshea tone moja la maji juu ya kofia, funika kwa bakuli ili upepo usizipeperushe, na uache saa 4 hadi 12. Ukiinua utakuta mistari ya unga. Isome kwenye mwanga wa mchana, kwani taa ya manjano hugeuza nyeupe kuwa krimu.

Amanita hutoa nyeupe. Agaricus hutoa kahawia iliyokolea ya chokoleti, Volvariella na Entoloma waridi, Cortinarius na Galerina kahawia ya kutu, Coprinopsis nyeusi. Chlorophyllum molybdites hutoa kijani, rangi adimu kabisa, na hapa chapa huokoa watu wengi. Uyoga huo huota kwenye nyasi za maeneo yenye joto, ni mkubwa na mweupe wenye magamba ya kahawia, na huwa na matamvua meupe kwa muda mrefu kabla hayajaanza kuwa ya kijani. Anayeuchuma mapema huudhania Macrolepiota procera, unaolika, na ndani ya saa 1 hadi 3 hutapika na kuharisha vibaya. Macrolepiota una shina lenye mabaka ya kahawia yanayopishana na pete nene inayoteleza juu na chini, na spora zake ni nyeupe.

Chapa ikikosekana, sababu huwa chache: kofia ilikuwa changa mno, imezeeka, imelowa sana au imekaa kwenye jokofu. Rudia na nyingine. Kukosa chapa si jibu. Dokezo la haraka msituni ni kutazama kofia ya chini pale uyoga ulipobanana, au majani yaliyo chini yake, kwa kuwa mara nyingi huwa yamekwisha kupakwa unga wa spora.

Picha na jinsi ya kubeba

Programu za simu zinazotaja uyoga kwa picha zinafaa kukupa jina la kuanzia uchunguzi, basi. Kamera haioni kifuko kilicho udongoni, hainusi na haipimi spora. Hata mtaalamu wa kweli hawezi kukusaidia kwa picha moja ya kofia. Piga angalau tano: kutoka juu, kutoka ubavuni, chini ya kofia, kitako kilichofukuliwa, na uyoga uliopasuliwa. Weka rula kando yake, na upige pia miti na ardhi inayouzunguka.

Beba kwenye kikapu au mifuko ya karatasi, kila aina peke yake, pamoja na kikaratasi chenye tarehe na mahali. Mfuko wa plastiki hufanya uyoga utoe jasho na kuoza ndani ya saa chache, na ukioza hupoteza alama zote unazozihitaji. Usichanganye usiotambuliwa na uliotambuliwa. Kipande kilichovunjika cha Amanita kikidondokea kwenye rundo la uyoga salama hakitafutiki tena.

Imani zinazoua

Kijiko cha fedha hakigeuki cheusi kwa sumu ya Amanita, na kitunguu saumu wala mchele haugeuki rangi. Konokono na sungura hula uyoga unaotuua sisi, maana miili yao si yetu. Uyoga unaomenyeka ngozi kirahisi si salama kwa sababu hiyo. Amanita phalloides humenyeka. Kuchemsha, kukausha na kugandisha hakuondoi sumu zake, ziitwazo amatoksini. Upande wa pili, kupika ni lazima kwa aina nyingi zinazolika: mwaka 2023, jimboni Montana nchini Marekani, watu 51 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula mkahawani uyoga wa Morchella uliotolewa mbichi au haujaiva.

"Tumeula miaka yote" pia si ushahidi wa kutosha. Mjerumani Julius Schäffer, mtaalamu wa uyoga, alifariki mwaka 1944 baada ya kula Paxillus involutus, uliokuwa ukihesabiwa kuwa unalika. Uyoga huo huweza kuchochea kinga ya mwili ishambulie chembe nyekundu za damu, na hatari huongezeka kwa anayeula mara kwa mara.

Dalili zikitokea

Amatoksini huzuia chembe za mwili kutengeneza protini, na ini ndilo linaloumia zaidi. Ini huimwaga sumu kwenye nyongo, utumbo huifyonza tena, na mzunguko huendelea. Dalili huchelewa: kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kula, wakati mwingine hadi 24. Huja kutapika na kuharisha kwa nguvu, kisha siku moja hivi ya nafuu. Nafuu hiyo ni ya uongo. Wakati mgonjwa anajiona amepona na kurudi nyumbani, ini linaendelea kufa. Sumu ya orelanini iliyo kwenye baadhi ya Cortinarius huchelewa zaidi, siku 2 hadi wiki 3, na hushambulia figo. Kuugua mapema nako hakuondoi hofu, kwa sababu mlo mmoja huweza kuwa na aina mbili, ya kwanza ikiumiza tumbo upesi na ya pili ikisubiri.

Kwa hiyo usisubiri dalili ukishashuku. Nenda hospitali mara moja, useme ni uyoga, mliula saa ngapi, na dalili zilianza lini, maana pengo hilo la saa ndilo linalomwelekeza daktari kwenye aina ya sumu. Beba uyoga uliobaki, maganda yaliyotupwa, mabaki ya chungu, hata matapishi, pamoja na picha zozote mlizopiga. Usimpe mgonjwa maziwa wala kumlazimisha atapike. Na wote waliokula chungu hicho waende pamoja, hata asiyehisi chochote.